Maarifa ya Mambo Yote, Mlango wa Masomo ya Sheria

Dimanshi moja kiisha Misa ya pili kijana wa parokia yetu alitungojea karibu na mlango wa kanisa. Alishika mkononi kitabu kidogo cha fotokopi, kurasa zake zimekwisha kuwa nyeusi kwa vidole vya watu wengi waliokishika mbele yake. Ni kitabu cha maulizo na majibu juu ya kile wanachokiita kiltire jenerale, maana yake maarifa ya mambo yote. Kijana huyu amemaliza masomo ya sekondari na anataka kuingia iniversite asome sheria. Akatuuliza: «Mwalimu, mimi nataka kusoma sheria tu. Sababu gani wananiuliza urefu wa mito, na miaka ya vita, na mji wa tribinali fulani ya Ulaya? Vitu hivi na sheria vinapatana wapi?»

Tulikifungua kitabu. Katika ukurasa wa kwanza kimeandikwa ya kuwa Kongo ina majimbo 11. Kijana alikuwa amekwisha kulikariri jibu hilo vizuri sana. Lakini tangu mwaka 2015 majimbo ni 26 pamoja na mji wa Kinshasa, kama vile Katiba ya mwaka 2006 ilivyokwisha kuagiza. Kitabu kimepigwa fotokopi ya fotokopi, na hakuna aliyefikiri kukisahihisha.

Tulimwambia arudi juma lijalo. Kweli hatukuwa na jibu la kumpa pale pale. Siku zile tukaanza kutafuta habari za zamani: nani aliyesema kwanza ya kuwa mtu wa sheria sharti ajue mambo yote? Na hapa kwetu Kongo, nani aliyepita katika mlango huo, na kwa shida gani? Tuliyoyapata tunawaandikia hapa, maana si kijana mmoja tu anayeuliza.

Sharti tuanze Ubelgiji, kwa sababu sheria zetu zimetoka huko. Katika iniversite za Wabelgiji, zamani zile, mtu hakuanza masomo ya sheria siku ya kwanza. Alifanya kwanza miaka 2 ya filosofia na maandiko: historia, filosofia, vitabu vya watu wa kale na vya watu wa sasa. Kiisha miaka hiyo 2 ndipo alipoingia katika miaka 3 ya sheria yenyewe, mwisho akaitwa daktari wa sheria. Na ili kuingia katika ile miaka 2 ya kwanza, ilimpasa awe amesoma Kilatini na Kigreki katika sekondari. Sheria ya mwaka 1964 ndiyo iliyolegeza jambo hilo katika Ubelgiji, ikawafungulia iniversite wanafunzi wa sehemu nyingine pia.

Labda mtu atacheka: Kilatini cha nini kwa avoka? Si mchezo. Kaisari Yustiniano, katika karne ya 6, aliwaamuru wataalamu wake wakusanye sheria zote za Waroma. Kazi hiyo ilifanyika kati ya mwaka 529 na 534. Kutoka mkusanyo huo, kwa njia ndefu, Ulaya ilichota mengi ya mawazo yake juu ya mkataba, deni, urithi na mali. Napoleoni alitoa kitabu chake cha sheria katika mwaka 1804, Wabelgiji wakakipokea, na Wabelgiji wakaleta mafundisho yake kwetu. Amri juu ya mikataba, iliyotolewa tarehe 30 Julai 1888, siku za Leopold II, ingali inatumika Kongo hata leo. Mama anayeuza chumvi katika soko la Kadutu, akigombana na tajiri wake juu ya deni, wamekaa wote wawili chini ya maneno ya 1888, na chini ya maneno hayo wamo Waroma. Basi mtu aliyejua Kilatini aliona mizizi, si majani tu.

Lakini kuna upande mwingine. Mtihani wa maarifa ya mambo yote haukuuliza kamwe mambo yote. Uliuliza mambo ya watu waliouandika. Wazee wetu wa baraza walijua ukoo wa kila mtu kwa vizazi vingi, mipaka ya mashamba, mali ya ndoa iliyotolewa na ile iliyobaki, maneno yaliyosemwa siku ya kupatana. Serikali ya Wabelgiji yenyewe ilikubali elimu hiyo ina kazi: amri ya tarehe 15 Aprili 1926 ilizipanga tribinali za wenyeji, zikakata maneno kwa desturi za nchi. Tena jioni, katika ofisi hiyo hiyo, karani Mkongomani aliandika barua za muamuzi Mzungu, akajua vifungu kwa kuviandika mara nyingi. Mzee na karani, wote wawili walijua sheria. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeweza kujionyesha mbele ya mlango wa iniversite, maana walichokijua hakikuhesabiwa katika «mambo yote».

Basi katika Kongo ya siku zile nani alijua Kilatini? Jibu wasomaji wetu wanalijua: waseminari. Huko Mpala, kandokando ya Tanganyika, Mapadri Weupe walianza mapema kuwafundisha vijana Kilatini. Ndipo alipopita Stefano Kaoze, aliyepewa upadri huko Baudouinville, leo Moba, tarehe 21 Julai 1917, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu hizi. Mbele ya upadri wake alikuwa amekwisha kuandika kwa Kifaransa juu ya roho na mawazo ya Wabantu, maandiko yaliyochapwa katika gazeti la Ubelgiji mwaka 1910 na 1911. Kwa miaka mingi seminari ilikuwa shule peke yake iliyompeleka mtoto Mkongomani mpaka filosofia.

Lakini karatasi ya seminari haikuwa diploma mbele ya serikali. Kijana aliyetoka seminari, ijapo alisoma Kilatini miaka mingi, alionekana machoni pa sheria kama mtu asiye na sekondari. Wengi walikuwa makarani, walimu, waandishi wa magazeti. Joseph Kasa-Vubu, aliyekuwa raisi wa kwanza wa jamhuri yetu, alisoma filosofia katika seminari ya Kabwe, kiisha akawa mwalimu na karani. Walikuwa na ufunguo mkononi, lakini kitasa kilikuwa upande wa pili.

Sasa tufike kwa mtu ambaye habari zake zilitupa jibu la kijana wetu.

Marcel Lihau alizaliwa tarehe 29 Septemba 1931 huko Lisala, kwenye mto, katika jimbo la Équateur. Alisoma katika seminari ya Bolongo. Kutoka huko akaenda Kisantu, kwa Wajezuiti, ambao walikuwa wameanzisha shule ya masomo ya juu kwa Wakongomani mbele ya Lovanium kufunguliwa katika mwaka 1954. Alikaa Kisantu miaka 3 katika sehemu ya kazi za utawala. Pale walimu wake waliona akili yake. Mmoja wao, Willy De Craemer, ambaye baadaye aliandika kitabu kikubwa juu ya Jamaa yetu ya Katanga, alimchagua pamoja na wenzake 2, akawafundisha mwenyewe ili wafanye mtihani wa Jury Central.

Tueleze neno hilo. Jury Central siku zile ilikuwa baraza la serikali ya Ubelgiji la kuwapima watu wasio na diploma iliyokubaliwa. Mwenye diploma alipita mlango mkubwa. Asiye nayo alikwenda mbele ya Jury Central, akaulizwa masomo ya sekondari yote: lugha, hesabu, historia, jiografia. Hakuulizwa alisoma wapi, aliulizwa anajua nini. Kwa Mkongomani wa miaka ya 1950 ilikuwa njia nyembamba, lakini ilikuwa njia.

Lihau alipita, akaingia iniversite ya Wakatoliki ya Louvain. Hata hapo njia haikunyoka. Siku zile Mkongomani hakuachiwa kusoma sheria. Sababu zake wakubwa hawakuzitangaza sana, lakini kila mtu alizielewa: mganga anatibu mwili, mwalimu anafundisha watoto, na avoka anasimama mbele ya serikali na kuiuliza umepata wapi ruhusa ya kufanya hivi. Basi Wajezuiti waliompenda wakafanya akili: akaandikwa kwanza katika masomo ya lugha za Kiroma, na pembeni akaendelea kufundishwa Kilatini, Kigreki na Kiflamani, mpaka aliposhinda mtihani uliotakiwa, akapokewa katika sheria.

Tusimame hapa kidogo. Mara nyingi tunawasikia vijana wakisema: watu wa zamani walipata vyeo kwa bahati. Mtu huyu aliyezaliwa Lisala alijifunza lugha 2 za watu waliokufa na 1 ya watu wa Flandria, mbali na Kifaransa, ili tu aruhusiwe kukaa katika darasa ambamo mtoto wa Bruxelles aliingia bila kufikiri. Mzigo huo haukuwa wa haki. Tunasema hivyo wazi. Lakini mzigo ulipokwisha kubebwa, ulimwachia mtu kitu ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Tarehe 20 Januari 1960 ilifunguliwa Meza ya Mviringo huko Bruxelles. Wakubwa wa vyama vya Kongo walifika mmoja mmoja, kila mtu na mawazo yake, na Wabelgiji walikuwa na watu wa sheria wengi upande wao. Wanafunzi Wakongomani waliokuwa Ubelgiji, na Lihau mbele yao, waliwashauri wajumbe wafanye umoja, waseme kwa sauti moja. Wajumbe wakasikia, wakafanya Front commun. Kwa umoja huo walipata tarehe ya uhuru: 30 Juni 1960. Kiisha ikatoka Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960, iliyoandikwa Ubelgiji, na ambayo nchi mpya ililazimishwa kuivaa kama koti la mtu mwingine. Siku ya uhuru hapakuwa na Mkongomani hata mmoja aliyekwisha kupata udaktari wa sheria. Waamuzi karibu wote walikuwa Wazungu, na baada ya machafuko ya Julai wengi wao wakaondoka. Umoja wa Mataifa ulisaidia kutafuta waamuzi katika nchi nyingine, wakaletwa watu wasiojua desturi zetu wala lugha zetu kukata maneno ya watu wetu.

Ndipo watu wa kwanza walipotokea. Katika mwaka 1961 Étienne Tshisekedi alipata udaktari wa sheria Lovanium, wa kwanza kuupata katika iniversite hiyo. Mwaka ule ule ikafunguliwa Léopoldville shule ya taifa ya sheria na utawala, ili makarani wenye akili wafanywe waamuzi kwa upesi. Lihau alikuwa ameitwa katika Septemba 1960 kuangalia mambo ya haki katika baraza la wanafunzi na madaktari vijana waliotawala kwa miezi michache. Kiisha akamaliza masomo yake, na mwaka 1963 akawa mkubwa wa kitivo cha sheria katika Lovanium. Tarehe 10 Januari 1964 wajumbe walikusanyika Luluabourg, leo Kananga, waandike Katiba ambayo Wakongomani wenyewe wameitunga. Lihau alikuwa katibu wa kazi hiyo. Watu walipiga kura kati ya Juni na Julai, na Katiba ikatangazwa tarehe 1 Agosti 1964. Haikuishi sana: Jenerali Mobutu alitwaa utawala Novemba 1965. Lakini mtu akitaka kujua Wakongomani walitaka nchi ya namna gani walipoulizwa mara ya kwanza, atafute karatasi ile.

Katika mwaka 1968 Lihau akawekwa kuwa Raisi wa kwanza wa Korti Kuu ya Haki. Alikaa hapo miaka 7. Mwaka 1975 utawala ulitaka wanafunzi walioandamana wapewe azabu kali. Akakataa, akaondolewa katika kazi. Miaka 7 baadaye, mwaka 1982, alikuwa pamoja na Tshisekedi kati ya wale walioanzisha chama cha UDPS, wakati kuanzisha chama kulikuwa njia ya kwenda gerezani. Alikufa Marekani mwaka 1999.

Hatusemi ya kuwa Kilatini kilimfanya mtu huyu kuwa na moyo. Tunawajua wenye Kilatini kingi waliopiga magoti mbele ya kila mkubwa. Tunasema tu ya kuwa mtu anayejua habari za tribinali nyingi na wafalme wengi anajua tena ya kuwa kila mfalme aliyesema «haki ni mimi» alikwisha kufa, na kitabu cha haki kikabaki. Ujuzi huo ndio ulioanza kutupa jibu la kijana wetu. Muamuzi hakati neno la karatasi. Anakata neno la shamba, la mgonjwa, la mashini, la ndoa, la mpaka. Asiyejua mto unapita wapi atahukumu namna gani ugomvi wa wavuvi?

Kiisha siku zile mlango ulibadilika sura. Tangu mwaka 1967 upo Mtihani wa Serikali, ule vijana wanaouita egzeta, na ndani yake kuna siku ya kiltire jenerale, mbali na siku ya sayansi, ya lugha, na ya masomo makubwa ya sehemu ya mwanafunzi. Kilatini kimebaki kwa wachache. Mahali pake yamekaa maulizo mafupi, kila moja na majibu kadhaa chini yake, uchague moja. Katika mwaka 1971 serikali ilizifunga iniversite zote katika iniversite moja ya Zaire, na sheria ikafundishwa Kinshasa tu. Mtoto wa Uvira ao wa Kalemie aliyetaka kuwa avoka alihitaji ndege ao safari ya mto ya majuma mazima. Katika 1981 Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani zikaachana tena. Bukavu ilipata iniversite yake ya Wakatoliki mwaka 1989, na huko sheria inafundishwa. Kuna nyingine nyingi sasa, na baadhi yao huongeza mtihani wao wenyewe mlangoni.

Mtihani wa namna hiyo tuliufanya sisi wenyewe. Tulikuwa tumetoka seminari kiisha filosofia, kwa mapatano mema na wakubwa wetu, na tulitaka kusoma sheria. Hatutaitaja iniversite. Kati ya maulizo ya kiltire jenerale lilikuwamo hili: Korti ya Haki ya Dunia Yote, ile ya Umoja wa Mataifa, ina makao katika mji gani? Chini yake: Genève, New York, La Haye, Bruxelles. Tulifikiri kwa akili. Umoja wa Mataifa uko New York. Basi korti yake itakuwa New York. Tukaandika hivyo kwa furaha. Kumbe katika vyombo vikubwa vya Umoja wa Mataifa ni korti hii tu isiyokaa New York. Iko La Haye, katika Uholanzi, na ina waamuzi 15, kila mmoja kwa miaka 9.

Majina yalipotundikwa ukutani, letu halikuwamo. Hatukuonyeshwa karatasi yetu, wala hakuna aliyetueleza tulikosa mangapi. Labda ni ulizo hili, labda ni mengine. Tulirudi nyumbani kwa miguu, na njiani tulilikumbuka hilo moja tu.

Lakini aibu yetu yenyewe ilikuja baadaye. Miaka michache tu mbele ya mtihani wetu, tarehe 19 Desemba 2005, korti hiyo hiyo ilikuwa imekata neno kati ya Kongo na Uganda. Kongo ilikuwa imepeleka mashitaka Juni 1999. Waamuzi walisema Uganda ilivunja sheria kwa kutumia silaha katika nchi yetu, na ya kuwa katika Ituri, ambako jeshi lake lilitawala, haikuwalinda watu, tena ya kuwa askari wake walipora mali ya nchi. Walitaja mambo ya Kisangani, ambapo majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana kati ya nyumba za watu katika Juni 2000. Waliikuta Kongo nayo na kosa, juu ya ubalozi wa Uganda ulioingiliwa Kinshasa. Haki hupima pande mbili. Na tarehe 9 Februari 2022 wakaweka hesabu: Uganda ilipe dolari milioni 325, ndani yake milioni 225 juu ya watu waliokufa na kuumizwa, milioni 40 juu ya mali iliyoharibiwa, na milioni 60 juu ya utajiri wa nchi uliochukuliwa.

Sisi watoto wa mashariki, tuliolala porini siku za vita, tuliokuwa na ndugu waliozikwa bila sanduku, hatukujua ya kuwa korti ilikwisha kusema juu yetu, wala korti hiyo iko mji gani. Hilo ndilo lililotuuma, kuliko jina kukosekana ukutani. Tulikuwa tumelihesabu ulizo la La Haye kuwa ulizo la Wazungu. Lilikuwa ulizo la nyumbani kwetu.

Katika mji huo huo, ili vijana wachanganyikiwe vizuri, kuna korti nyingine. Hiyo haihukumu nchi, inahukumu watu: Korti ya Kimataifa ya Makosa Makubwa. Mapatano yake yalikubaliwa Roma tarehe 17 Julai 1998, yakaanza nguvu tarehe 1 Julai 2002. Mtu wa kwanza kuhukumiwa huko alikuwa Mkongomani, Thomas Lubanga wa Ituri, tarehe 14 Machi 2012, kwa kosa la kuwaingiza katika vita watoto ambao hawajafikia miaka 15. Alipewa miaka 14 ya kifungo. Kitabu cha fotokopi cha kijana wetu kina mstari mmoja juu ya korti hizo 2, na kimezifanya kuwa moja.

Sisi makatekista tunajua uzuri na ubaya wa kukariri. Tunafundisha kwa maulizo na majibu, na kila mwaka tunamwona mtoto anayejibu upesi kama mvua juu ya bati, lakini ukiligeuza ulizo kidogo tu, anakutazama kama samaki. Kukariri si dhambi. Pasipo kukariri hakuna kitu cha kufikiria. Lakini jibu lisilo na «kwa sababu» ni punje iliyokaangwa: inatafunika, haioti. Wale wanaouza vitabu vya fotokopi wanauza punje za kukaanga, tena kwa bei. Na wale wanaouza majibu ya mtihani usiku, kuna jina jingine la kazi yao, na kijana anayewanunulia ili awe muamuzi ameanza vibaya kazi yake ya haki.

Basi juma lililofuata kijana alirudi, na wenzake 4. Tangu siku ile tunakaa Dimanshi kiisha Misa katika chumba cha mafundisho, saa moja na nusu. Njia yetu ni nyepesi. Kila mtu analeta habari moja aliyoisikia katika radio. Okapi, iliyoanza mwaka 2002, hutoa habari kwa Kiswahili pia, na mwenye simu ndogo anaweza kuisikiliza. Tunaliuliza lile neno lililosikika: wapi, tangu lini, nani ana haki ya kulifanya, na andiko gani linampa haki hiyo. Mmoja akileta habari ya mpaka, tunafungua ramani. Mwingine akileta habari ya gavana aliyeondolewa, tunafungua Katiba, vifungu vyake vyote 229, na kukitafuta kile kinachosema. Kitabu cha Katiba tulichonacho ni kwa Kifaransa. Katika kifungu cha 142 tulikuta serikali inaagizwa kueneza kila sheria kwa Kifaransa na katika kila moja ya lugha 4 za taifa, Kiswahili kimojawapo, ndani ya siku 60. Tuliwauliza vijana: kati yenu nani amekwisha kuona sheria iliyoletwa kijijini kwa Kiswahili? Walitazamana. Mmoja akasema: «Mwalimu, basi hata serikali imeanguka mtihani.» Tukacheka wote, kiisha tukanyamaza.

Kuna mzee wa baraza, amestaafu kazi ya tribinali ya desturi, tunamwita mara moja kwa mwezi. Hajui La Haye. Lakini anapoeleza namna walivyokuwa wakimsikiliza mshitakiwa mpaka mwisho mbele ya kumwuliza mshitaki neno la pili, vijana wanaandika. Hayo hayatatoka katika mtihani. Tumemwita kwa sababu nyingine: hao vijana, kama wakipita, ndio watakaokata maneno ya watu wa namna yake.

Mtihani wa mwaka huu haujafika. Hatuwezi kusema nani atapita. Kitabu cha fotokopi hatukukitupa. Kimegharimu pesa, na ndani yake kuna mambo mengine ya kweli. Kijana wetu amechukua kalamu nyekundu na anakisahihisha ukurasa kwa ukurasa. Dimanshi iliyopita alifika katika majimbo. Aliifuta 11, akaandika 26, akaanza kuyataja yote kwa majina: Tanganyika, Kivu ya Kusini, Ituri, Tshopo. Alipofika Mongala alisimama, akauliza mji wake mkuu ni upi.

«Lisala», tukamwambia.

Akainua macho. «Lisala ya Lihau?» Kisha akaandika jina hilo pembeni ya ukurasa, kwa wino mwekundu.